Namna ya kuwaandika wenzetu wa skuli waliotangulia, kabla hatujawasahau

Assalamu alaykum jamaa zangu. Hili nilitaka kuliandika muda mrefu, na leo nnaliandika kwa sababu mwezi uliopita watu watatu mbali mbali wameniuliza, nyie wa skuli yenu lile daftari mlilifanyaje? Sasa badala ya kumjibu kila mtu peke yake kwenye simu bora niweke hapa, mwenye kutaka achukue.

Sisi tulisoma skuli moja ya msingi huko Wete, Pemba. Jina la skuli sitolitaja, mana humu mna habari za watu. Daftari lenyewe ni hivi, kila mwenzetu tuliesoma nae ambae keshafariki ana ukurasa wake, mmoja au miwili, umeandikwa maisha yake. Si kifo chake, maisha yake. Hapo ndo penye shughuli yote, kwa sababu sisi tukifiwa tunajua kufanya kila kitu, kuzika tunajua, kusoma tunajua, kupika tunajua, grupu la WhatsApp linajaa "inna lillahi" kuanzia juu mpaka chini, halafu siku tatu zikipita hakuna hata mmoja aliekaa akaandika mstari kwamba huyu mtu alikuwa nani. Miaka kumi mbele mtoto wake anauliza, baba alikuwa mtoto wa namna gani skuli? Anaambiwa alikuwa mtu mzuri. Basi, imeisha.

Majina kwanza

Msianze kuandika maisha ya mtu yeyote mpaka mjue nani mnaemtafuta. Sisi tulianza kwa vichwa tu, watu watano na birika la chai, tukapata majina kumi na saba tukaona tumemaliza. Tulipokwenda kuomba rejista skuli yakafika thelathini na moja. Yani kumi na nne tulikuwa tushawasahau kabisa, na wengine tulikaa nao darasa moja miaka saba.

Kwa hio nendeni skuli. Andikeni barua fupi, watie saini watu wawili au watatu waliosoma hapo, mpelekeeni mwalimu mkuu mkononi, msitume mtoto. Mnachotaka ni lile buku la kuandikishia wanafunzi wapya, lenye jina la mtoto, jina la mzee wake, mtaa na tarehe aliyoingia. Rejista ya mahudhurio nayo inafaa, mana inaonesha nani alihama katikati ya mwaka. Mabuku haya ya zamani karatasi zake zishakuwa kama papai lililokauka, ukifunua kwa pupa linavunjika mkononi, kwa hio usilambe kidole ukafunulia, usilitoe nje ya skuli, lilaze juu ya meza karibu na dirisha upige picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, bila flashi.

Na kama mchwa washalila (wengi wataambiwa hivo, mchwa hawana adabu na kabati za skuli) bado hamjakwama. Kuna picha za darasa, kuna walimu wastaafu, na kuna njia moja ambayo watu hawaikumbuki: chuoni. Watoto wa mtaa mmoja walikuwa wakisoma chuo kimoja cha Kurani, na maalim wa chuo au mkewe anaweza kukutajia watoto wa miaka arubaini nyuma kwa mpangilio wa walivyokuwa wakikaa kwenye mkeka. Sisi majina manne tuliyapata hivo, kwa bi mkubwa mmoja ambae hata kusoma magazeti hasomi.

Sasa ukishapata jina usidhani umepata mtu. Pemba hii majina ni yale yale, jina la mtu, la baba, la babu, na unakuta watu wanne wana majina matatu sawa sawa na wawili wako skuli moja. Kwa hio kila jina litieni na jina la mama, mtaa, na jina la utani. La utani msilidharau hata kidogo. Mwenzangu niliekuwa nikikaa nae dawati moja sote tulimjua kwa jina la samaki, na nilipouliza watu kwa jina lake la rejista watu watatu waliniambia hawamjui, nikataja samaki, wote watatu wakasema "aaah, yule!"

Kwa wanawake kazi inazidi. Sisi huku mwanamke akiolewa haachi jina la babake, hilo ni jema, ila mtaani hakuna anaelitumia, akishazaa tu keshakuwa Mama Fulani, na akihamia Unguja au Dar hata jirani yake wa miaka ishirini hajui jina lake la skuli. Hapo mtafute dada yake au wifi yake, wanaume hawatokusaidia sana. Na kwa wazee wetu waliosoma zamani kuna jambo jengine, skuli nyengine zilibadilishwa majina baada ya Mapinduzi ya 1964, kama ile King George VI ya mjini Unguja ndo Lumumba ya leo, kwa hio mzee akikutajia skuli usioijua usiseme kasahau, muulize ilikuwa sehemu gani.

Msimuue aliye hai

Hili lilitupata sisi na nnaliandika ili lisikupate wewe. Mtu alituma tanzia kwenye grupu, majina matatu kamili, watu wakaanza dua, mmoja akafika kumpigia mtoto wa marehemu kumpa pole. Mtoto akalia mpaka akadondosha simu. Baba yake alikuwa hai, yuko shamba anachuma karafuu, aliefariki alikuwa mwengine wa majina yale yale, wa kijiji chengine. Yule mzee alisamehe lakini mkewe mpaka leo akituona anaangalia pembeni, na haki yake.

Tangu siku ile sisi hatuandiki mtu mpaka tumepata watu wawili, mmoja wa familia, na mmoja aliehudhuria maziko kwa mguu wake. Si aliesikia, aliehudhuria. Ukikosa, nenda kwa sheha, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, yeye anajua nani kazikwa kwenye shehia yake. Cheti cha kifo si lazima, na usiende kumuomba mtu cheti cha kifo cha babake kama vile wewe ni benki.

Tarehe

Hapa nitakaa kidogo mana watu wengi wanaharibu hapa.

Ukimuuliza bi mkubwa wa Pemba mwanawe alifariki lini hatokwambia mwezi wa nane. Atakwambia mfungo sita, siku mbili baada ya maulidi. Au atakwambia kwenye kusi, yani msimu wa pepo za kusini, au mwaka ule karafuu zilipozaa sana. Usimkatize ukamwambia "bibi, nataka tarehe ya kizungu." Iandike kama alivyosema, kisha kaa ihesabu nyumbani. Mfungo mosi ni ule mwezi wa baada ya Ramadhani, yani Shawwal, mfungo tatu ndo wa Hija na Idi Kubwa, mfungo nne Muharram mwaka mpya wa Kiislamu, mfungo sita ndo wa maulidi, unakwenda hivo hivo mpaka mfungo tisa halafu ndo Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Ukiujua mwaka na mfungo, kuna programu za simu za kugeuza tarehe, ila zinaweza kukosea siku moja au mbili kwa sababu ya muandamo, kwa hio andika zote mbili, ya mfungo na ya miladi, na kama hujapata siku yenyewe andika mwezi tu. Mwezi wa kweli ni bora kuliko tarehe ya kubuni.

Kuna mtego mwengine, "usiku wa Ijumaa." Kwa wazee wetu siku inaanza magharibi, kwa hio usiku wa Ijumaa ni ule Alhamisi ikishatua jua. Vijana wakisikia wanaandika Ijumaa usiku, siku nzima imekosewa. Suluhisho ni swali moja tu: alifariki kabla ya watu kusali Ijumaa au baada? Na saa pia, mtu akikwambia saa saba usiku andika saa saba usiku, usigeuze geuze ukachanganya.

Kwa tarehe za kuzaliwa za wazee tumia matukio. "Nilikuwa nshaanza skuli ilipotangazwa elimu bure" inatosha, hio ni 23 Septemba 1964, unajua huyu alikuwa na umri gani hapo.

Kwenda kwa wenyewe

Msiende kwenye matanga na karatasi. Kwenye matanga nendeni kama watu wengine, toeni ubani wenu, saidieni kukosha sufuria, ondokeni. Sisi tunasubiri arubaini ipite. Kama kuna mjane yumo kwenye eda, miezi minne na siku kumi, basi wanaume wasimsogelee kabisa kwa habari hizi, kama kuna haja aende mwanamke mwenziwe na aende kumtazama kwanza, daftari baadae.

Nendeni wawili, mmoja awe mtu anaejulikana na nyumba ile. Msiende mikono mitupu, kilo mbili za sukari au halua kidogo, si lazima kitu kikubwa. Mkikaribishwa kaeni, kunyweni mlichopewa, ulizeni hali za watu wote wa nyumba mpaka wa mbali, na simu ziacheni mfukoni. Mimi huwa nasema hivi: "Bi mkubwa, tumekuja kwa sababu ya mwanetu, tulisoma nae, hatutaki asahaulike, tunaomba utuhadithie alivyokuwa mdogo." Hapo wengi wanaanza kucheka kabla hawajalia. Akishaanza kuhadithia ndo unamuomba ruhusa ya kurekodi sauti, akikataa unaandika kwa kalamu, akikataa na kalamu unasikiliza, unaandika ukifika njiani chini ya muembe.

Usiulize alikufaje. Kama anataka kusema atasema mwenyewe. Uliza: alikuwa akienda skuli na nani? Akirudi anafanya nini kwanza? Chakula gani alikuwa hali? Alipigwa lini na kwa kosa gani? (Hili linatoa hadithi nyingi kuliko yote, niaminini.) Aliacha skuli akenda wapi? Nani alimfunza kazi? Alikuwa akicheka vipi? Watu wanajua kuigiza kicheko cha mtu wao.

Walimu msiwaweke mwisho. Mimi kuna maalim wetu mmoja wa hisabu nilimwambia ntakuja wiki ijayo, wiki ijayo ikawa mwezi, tukaenda kumzika, na kaondoka na darasa letu zima kichwani mwake. Anzeni na alie mkubwa kuliko wote, na aliye mgonjwa. Walioko Maskati, Dubai, Uingereza, watumieni ujumbe wa sauti na wao wajibu kwa sauti, mzee wa miaka themanini hawezi kuchapa kwa kidole lakini kwa sauti atakupa dakika ishirini. Mkiipata iandikeni siku ile ile, na sauti yenyewe iwekeni vile vile, ipo siku na yeye atakuwa na ukurasa.

Kuandika kwenyewe

Andiko letu la kwanza lilikuwa hivi: "Marehemu alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye kupenda dini yake na kuheshimu wakubwa." Tukaandika la pili, tukaandika la tatu, tukayasoma kwa pamoja tukakuta tumeandika mtu mmoja mara tatu. Ukifunika jina juu huwezi kujua ni nani. Tukayafuta yote tukaanza upya, na hili ni moja katika tulioandika baada ya hapo, nimetoa jina na mtaa:

"Kwao ilikuwa ng'ambo ya bonde la mpunga. Masika bonde likijaa maji alikuwa akivuka na viatu mkononi na mkoba kautundika shingoni, akifika anakaa juu ya mzizi wa muembe wa skuli, anafuta miguu kwa majani, ndo anavaa viatu. Hatukumbuki siku aliyochelewa. Kengele yetu ilikuwa ringi la gari lililotundikwa muembeni na yeye ndie alikuwa akilipiga, mwalimu akimwambia 'tazama wakati' anatoka nje anaangalia kivuli cha nguzo ya bendera. Aliacha skuli darasa la saba babake alipofariki. Akajifunza kutengeneza baskeli kwa mjomba wake, akafungua pahala pake Chake Chake, na mtoto yeyote aliekuja na sare ya skuli alikuwa akimtilia pumzi bila pesa. Kaacha watoto watano. Kazikwa kwao, upande wa kibla wa msikiti."

Hakuna humo neno "mtu wa watu" lakini ukisoma unalijua. Mtoto wake mkubwa alipoletewa alisoma mara mbili akauliza, ule muembe upo bado? Upo. Akaenda kuutazama.

Kwa hio tafuta jambo moja la skuli unaloweza kuliona kwa macho, jambo moja la alipokuwa mtu mzima, na ukipata maneno yake mwenyewe, kitu alichokuwa akipenda kusema, yatie vile vile. Kipemba chetu kiacheni. Kama alikuwa akisema vyake vya Micheweni au vya Makangale msimsahihishe akawa kama msoma taarifa ya habari, watu wake hawatomjua. Ukurasa usiwe mrefu, na usilazimishe urefu sawa, kuna mtu ana kurasa mbili na kuna mmoja wetu ana mistari minne tu kwa sababu alifariki darasa la tatu kwa homa, na ile minne ndo maisha yake yote, alikuwa na kipande cha chaki ya rangi ya waridi ambacho alikuwa hamuazimi mtu.

Yasiyoandikwa: maradhi kama familia haikusema, talaka, ugomvi wa mashamba, siasa za mitaani za nani alimfanya nani nini. Tumefunzwa kutaja mema ya maiti wetu, na hapa mafunzo na busara viko pamoja. Deni ni jambo jengine. Mtu akikwambia kwenye mazungumzo "marehemu alikuwa na pesa yangu" usiandike popote, lakini usinyamaze, mfikishie mtoto wake au kaka yake faragha, hilo ni amana.

Waliochukuliwa na bahari

Skuli yoyote ya Pemba itafika hapa. Usiku wa kuamkia Jumamosi 10 Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, ilikuwa mfungo mosi, watu wanarudi makwao baada ya sikukuu. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203, na tume ya uchunguzi baadae ilitaja zaidi ya 1,300 ambao hawakuonekana. Mwaka uliofata, 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Sisi pekee tuna wanne kwenye daftari, na watatu hawana kaburi.

Mmoja wao ni yule mwenzangu wa dawati, wa jina la samaki.

Nilikwenda kwa mamake miaka saba baadae. Nilikuwa sijathubutu kabla. Tulikaa ukumbini, akanitilia chai, akaingia ndani akatoka na bati la biskuti la zamani, kifuniko kimeshika kutu mpaka akakifungua kwa kijiko. Ndani mlikuwa na cheti cha chanjo, picha moja ya Idi, hereni moja ya mtoto, na daftari la hesabu la darasa la tano, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Nikafunua. Kwenye ukurasa wa kugawa kwa mafungu kuna hesabu mbili zimeandikwa kwa mwandiko mwengine, herufi zimelala, na nilikaa muda nazitazama ndo nikajua ule ni mwandiko wangu. Nilimfanyia. Alikuwa hapendi kugawa. Mamake akaniuliza unacheka nini, nikamuonesha, akasema "kumbe ndo mana alipasi."

Huyu mama hajawahi hata mara moja kusema mwanangu alikufa. Anasema "alivyosafiri." Sisi kwenye ukurasa tulitaka kuandika alifariki, tukamuuliza, akasema andikeni alisafiri. Tukaandika: "Alisafiri na MV Spice Islander I tarehe 10 Septemba 2011." Na ndo hivo ilivyo mpaka leo. Ushauri wangu kwa waliopotea baharini ni huo, neno la mwisho achieni wenyewe. Wengine washasali sala ya ghaibu, ile ya maiti asiekuwepo, na wanataka iandikwe marehemu, wengine bado, na miaka haijalishi. Na msiwaandike kwa orodha, kuna watu wanatengeneza ukurasa mmoja wa "waliozama" wakapanga majina kama mizigo. Kila mtu na ukurasa wake.

Picha

Usichukue picha ya mtu ukaondoka nayo, hata ukiahidi kurudisha kesho. Ipige pale pale, uitoe kwenye fremu kama wenyewe wanaridhia, ilaze, ikae kivulini pa mwanga mzuri, simu iwe juu yake sawa sawa. Picha za darasa, waulizeni watu watatu tofauti nani ni nani kutoka kushoto, msiwaulize kwa pamoja mana mmoja akisema kwa sauti wengine wanamfata. Nyuma ya nakala andikeni kwa penseli. Na familia nyengine hazitaki picha, hasa za wanawake, au hazitaki iende kwenye mtandao. Basi haiwekwi, hakuna mjadala.

Dua

Kuna wenzetu wanasoma khitma na kuna wenzetu hawasomi na wana hoja zao, na daftari lisiingizwe kwenye khilafu hio, litakufa. Sisi tunakutana mara moja kwa mwaka, mwezi wa Shaabani, Ijumaa baada ya alasiri, yanasomwa majina yote kwa sauti, jina na jina la utani, inaombwa dua, kisha anachaguliwa mtu mmoja unasomwa ukurasa wake wote. Mmoja tu. Tulijaribu kusoma wote mwaka wa kwanza watoto wakalala. Familia inayotaka khitma inafanya kwake na sisi tunakwenda. Pesa zinazobaki zinakwenda kwenye jambo ambalo hakuna anaelipinga, sadaka yenye kuendelea, kwetu ilikuwa tangi la maji la skuli na misahafu.

Tuna wenzetu wawili Wakristo, wazazi wao walikuja Pemba kwa kazi za serikali. Kurasa zao ziko katikati ya wengine kwa mpangilio wa majina, maneno ya kuwaombea tuliwauliza ndugu zao, na ilipokuwa misa ya kumbukumbu ya mmoja wao Unguja tulikwenda watu sita tukakaa viti vya nyuma.

Kuliweka

Simu zinapotea, grupu likibadilisha admin linakufa. Daftari lazima liwe la karatasi. Andikeni kwenye kompyuta, chapisheni steshenari, lifungwe jalada gumu. Mkiongeza kitu kwa mkono tumieni kalamu ya kawaida ya wino mzito, zile za wino wa maji masika ikifika na unyevu maandishi yanatambaa. Lisiwekwe chini wala lisiegemezwe ukutani, mchwa wanapitia ukutani. Nakala moja skuli, moja kwa mtu wa Wete, moja kwa mtu wa Unguja, na kila familia inapewa ukurasa wake umechapwa vizuri kwenye bahasha, huo ndo wanaoutaka, si buku zima. Mkimaliza kabisa mnaweza kuuliza pale Nyaraka Kilimani, Unguja, panapohifadhiwa nyaraka za Zanzibar, kama watapokea nakala, ila kwanza familia zote ziwe zimekubali, mana kule mtu yeyote anaweza kuja kusoma.

Na mwisho wa daftari acheni kurasa tupu, nyingi. Mwaka juzi tuliamua kila aliye hai ajiandikie wake mwenyewe, jina kamili, jina la mama, mtaa, utani, alikaa dawati na nani, kazi, na jina la mtu mmoja wa kuulizwa. Watu walisita kidogo, wakaandika. Wangu nshauandika, nusu ukurasa, na pale kwenye alikaa na nani nimeandika jina lake la rejista, na pembeni yake lile la samaki.